Kujua Jina la Ugonjwa Hakutoshi: Historia ya Kupima Uelewa wa Afya ya Akili, na Wanavyuo Wakati wa Korona



Hebu turudi nyuma kidogo, mwaka 2020. Tarehe 13 Machi Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa mpaka mwisho wa wiki ile viwe vimewaachilia wanafunzi waende makwao. Wewe uliyekuwa chuoni wakati ule wakumbuka vile ilivyokuwa: watu walibeba mabegi mawili matatu, wakaagana wakijua ni likizo ya ghafla tu, watarudi baada ya wiki chache. Wiki zikawa miezi.

Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Tarehe 6 Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili misikiti ikiwa imefungwa, tarawehe zikasaliwa sebuleni. Tarehe 6 Mei, mfungo ukiwa ungali unaendelea, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zikafungwa zenyewe kama visiwa, na hata Idi ikawakuta watu humo ndani.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa chuo katika hali hiyo. Masomo yamehamia kwenye simu, na bando ni pesa. Baba alikuwa na kibanda sokoni, biashara imelala. Chumba ni kimoja na ndugu ni watano. Usiku usingizi haupatikani, mchana hana hamu ya lolote. Akiulizwa ana nini, ajibu: "Sina kitu, niko sawa tu."

Katika miezi hiyohiyo, watafiti duniani kote walianza kuwatumia wanafunzi hojaji ili kupima afya yao ya akili. Namba zikatoka nyingi, magazeti yakaandika. Lakini ndugu msomaji, kuna swali ambalo wengi wetu hatukuliuliza: zile hojaji zilikuwa zikipima nini khasa? Maumivu ya mwanafunzi, au uelewa wake juu ya maumivu hayo? Maana hivi ni vitu viwili mbali mbali. Mtu aweza kuumia asijue kinachomuuma. Na aweza kukijua kwa jina lake, akakitaja vizuri kabisa, na bado asijue mlango wa kubisha.

Swali hili lina historia, na historia yenyewe ina mafunzo kwetu. Tufuatane.

Maneno Manne ya Balkh

Wengine wetu husema ati mambo ya afya ya akili ni ya Wazungu, sisi hatukuwa nayo. Hilo si kweli. Abu Zayd al-Balkhi alizaliwa karibu na mwaka 850 katika nchi ya Balkh, ambayo leo iko Afghanistan, akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: chakula, usingizi, mazoezi. Sehemu ya pili ni ya nafsi, na humo aliyapanga maradhi ya nafsi katika makundi manne: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi.

Yatazame maneno hayo manne. Yote yamo katika Kiswahili chetu, mtoto wa Lamu ayatumia na mama wa Majengo ayatumia. Al-Balkhi alisema huzuni ni aina mbili: ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila ya yeye kujua imetoka wapi. Tena akashauri kwamba, kama vile mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua, basi na aweke akiba ya fikra njema wakati ametulia, zimfae siku ya dhiki.

Basi maneno tunayo, na tunayo zamani. Lakini al-Balkhi alieleza, hakuhesabu. Kuzunguka mitaani na kuuliza watu wa kawaida wanaelewa nini juu ya mambo haya kulikuja baada ya zaidi ya miaka elfu moja.

Hadithi Sita za Mwaka 1950

Mwaka 1950 mtafiti mmoja wa Chicago huko Marekani, Bi Shirley Star, alikuwa na shida. Ukimuuliza mtu, "Je, waujua ugonjwa wa akili?" atakwambia naujua. Nani atakubali kuitwa mjinga? Basi akabuni njia nyingine. Alitunga hadithi fupi sita, kila moja ikimweleza mtu fulani bila kutaja ugonjwa wake. Mmoja ni mwenye kushuku kila mtu na kutishia wenziwe. Mwengine ni msichana aliyejifungia, hataki kuonana na watu. Mwengine ni mlevi, mwengine hana raha wala usingizi kwa kuhangaika na kila kitu. Watu wapatao 3,500 wakasomewa hadithi hizo, kisha wakaulizwa: Huyu ana nini? Ni mgonjwa, au ni tabia yake tu?

Matokeo? Wengi walimtambua yule anayetishia watu. Wale waliobaki, wanaoumia kimya kimya bila kumsumbua mtu, walionekana hawana ugonjwa wowote. Ati ni tabia tu, ni ukaidi, ni ukosefu wa nguvu za moyo.

Je, hayo si ndiyo tunayoyasikia mpaka leo? Hapa kwetu mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makaratasi barabarani. Yule mwanachuo anayeamka, akaoga, akaenda darasani, akatabasamu, na ndani amekauka, huyo hatumuoni.

Mwaka uliofuata, 1951, mume na mke, John na Elaine Cumming, walikwenda katika mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan huko Kanada. Walipima kwanza watu wa mji ule wanaonaje wagonjwa wa akili, wakitumia hadithi za Bi Star. Kisha kwa miezi sita wakaendesha kampeni: filamu, vipindi vya redio, mikutano ya kila namna. Halafu wakapima tena.

Unajua walipata nini? Mtazamo wa watu haukubadilika. Tena, walipozidi kuendelea, wenyeji walianza kuwakasirikia na kuwafungia milango. Kitabu walichotoa mwaka 1957 kilieleza sababu: kampeni iliwaambia watu kwamba hakuna mpaka mkubwa kati ya mzima na mgonjwa, kwamba yeyote aweza kufika huko. Kwa watu wale hiyo haikuwa elimu, ilikuwa tisho. Wakaamua kujitenga zaidi.

Nakuomba ulikumbuke somo hili. Kumwaga habari si sawa na kuelimisha. Na kama wale wawili wasingepima kabla na baada, wangerudi kwao wakijisifu kwamba kampeni ilifana, maana mikutano ilikuwa na filamu zilionyeshwa!

Australia Wapata Jina

Jina la jambo hili lilipatikana mwaka 1997. Anthony Jorm na wenzake wa Australia walichapisha utafiti wakatumia maneno ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita "kisomo cha afya ya akili". Kama vile mtu asiyejua kusoma apitavyo mbele ya kibao cha onyo bila kujua chasema nini, ndivyo mtu asiye na kisomo hiki apitavyo mbele ya dalili zake mwenyewe.

Walikuwa wamewahoji Waaustralia 2,031 mwaka 1995, kwa njia ileile ya hadithi fupi. Hadithi ya mtu mwenye sonona, yaani ile huzuni nzito inayomlemea mtu kwa wiki nyingi, ilitambuliwa na asilimia 39 tu. Hadithi ya mwenye skizofrenia, ambaye husikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, ilitambuliwa na asilimia 27. Na hii ni nchi tajiri, yenye hospitali na magazeti.

Jorm hakuishia kwenye kutambua ugonjwa. Kisomo chake kilikuwa na ngazi kadhaa. Je, wazitambua dalili? Wajua zinasababishwa na nini? Wajua msaada gani wafaa na upi wadhuru? Wajua wapi pa kwenda? Na je, una mtazamo utakaokuruhusu kwenda huko bila aibu? Waona ndugu yangu, kutaja jina la ugonjwa ni ngazi ya kwanza tu.

Mwaka 2000, hukohuko Australia, Bi Betty Kitchener pamoja na Jorm wakaanzisha mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, mfano wa yale ya Msalaba Mwekundu ya kufunga jeraha. Raia wa kawaida afundishwe namna ya kumkaribia mwenye dhiki, kumsikiliza, na kumfikisha kwa mtaalamu. Utafiti uliporudiwa mwaka 2003 na 2004, waliotambua hadithi ya sonona walikuwa wamefika takriban thuluthi mbili. Basi uelewa waweza kukua, na ukikua waweza kuonekana.

Hojaji Tisa, na Bibi wa Zimbabwe

Wakati huohuo kulikuwa na kupima kwa aina nyingine, kule kwa maumivu yenyewe. Mwaka 2001 ilitoka hojaji ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, kazi ya Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Huuliza juu ya wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula na kadhalika. Kila swali lina alama kutoka 0 mpaka 3, jumla 27. Kwa kawaida mtu akifika alama 10 huonekana anahitaji kuangaliwa zaidi na mtaalamu. Mwaka 2006 ikatoka dada yake, GAD-7, ya maswali saba kuhusu wasiwasi.

Hizi ni hojaji nzuri, fupi, na hazina malipo. Lakini lazima tuelewe mipaka yake. Alama 10 si hukumu kwamba mtu ni mgonjwa. Ni kama kipimo cha joto la mwili: chakwambia kuna homa, hakikwambii ni malaria au ni nini. Na pia hazipimi uelewa hata kidogo. Mtu aweza kupata alama 20 asijue kwamba hali hiyo ina jina na ina tiba.

Kisha kuna suala la lugha. Hojaji ya Kizungu ukiitafsiri neno kwa neno, yaweza kuuliza jambo ambalo msikilizaji halipati kabisa. Zimbabwe walilitambua hili mapema. Vikram Patel na wenzake walikwenda Harare wakawauliza wagonjwa, wauguzi na waganga wa kienyeji: nyinyi hali hii mwaiitaje? Jibu moja lilirudi mara nyingi: kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mwaka 1997 wakatoa hojaji ya maswali 14 iliyojengwa kwa Kishona chenyewe, na kuwaza huko kupita kiasi kukiwemo.

Matunda yake yalionekana baadaye. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha huko Mbare, mtaa wa Harare, kile kinachoitwa Benchi la Urafiki. Akawafunza kina bibi wa mtaani, watu wazima wanaoheshimiwa, wakae kwenye benchi nje ya zahanati wamsikilize mtu na kumsaidia kuitafutia njia shida moja baada ya nyengine. Hojaji ile ya Kishona ndiyo iliyotumika kujua nani ahitaji benchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na kina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi watu wa pwani na bara hatuna neno kama hilo? Tunalo! "Ana mawazo." "Mawazo yamemzidi." "Roho imemwinama." Ukimuuliza mama yako kama ana sonona huenda akakuangalia tu. Muulize, "Mama, mawazo yamekuzidi?" utaona machozi.

Hapa Kwetu Kenya

Historia yetu wenyewe yaanza na jambo la ajabu kidogo. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, mahali ambapo kabla yake palikuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Yaani nyumba yetu ya kwanza ya wagonjwa wa akili ilikuwa imejengwa kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza. Wakoloni wakaiita nyumba ya vichaa, na jina la Mathari lilikuja mwaka 1924. Labda ndio maana mpaka leo twamuogopa mgonjwa wa akili kana kwamba ataambukiza, na watoto wetu wakitukanana husema, "Wewe umetoka Mathari!"

Kuhusu wanavyuo, kazi ilianza kabla ya korona. Mwaka 2014 Caleb Othieno na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 923 wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walikuta asilimia 35.7 wana dalili za sonona za kiwango cha kati, na asilimia 5.6 wana dalili kali. Tafadhali ziangalie tena namba hizo, ndugu msomaji. Hakukuwa na kafyu wala barakoa. Vyuo vilikuwa wazi, marafiki wapo, mabweni yamejaa. Korona haikuleta moto huu, ilimwagia mafuta.

Na hojaji zenyewe zilijaribiwa kwa lugha zetu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa magharibi ya Kenya ulioonyesha kwamba PHQ-9 yafaa kutumika huko. Mwaka 2020 ukatoka mwengine wa Kilifi kuhusu GAD-7 ya Kiswahili. Zote mbili zilijaribiwa na watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hivyo vyombo tulikuwa navyo. Tulichokosa ni mazoea ya kuvitumia na mahali pa kumpeleka mtu baada ya kumpima.

Namba za Wakati wa Korona

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020, China ilikuwa tayari imeanza kupima. Katika chuo cha udaktari cha Changzhi wanafunzi 7,143 walijibu GAD-7. Karibu robo yao, asilimia 24.9, walikuwa na dalili za wasiwasi, nyingi zikiwa nyepesi. Waliokuwa wakiishi na wazazi walikuwa na nafuu. Waliokuwa na jamaa au rafiki aliyeambukizwa walizidi kuwa na wasiwasi.

Marekani, katika chuo kikuu kimoja cha Texas, wanafunzi 195 walihojiwa mmoja mmoja, na 138 kati yao, yaani asilimia 71, walisema dhiki na wasiwasi umeongezeka kwa sababu ya janga.

Lakini utafiti ninaotaka uukumbuke zaidi ni wa Ufaransa. Kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei 2020, nchi ikiwa imefungwa, wanafunzi wa vyuo vikuu walitumiwa hojaji, na 69,054 wakajibu. Asilimia 42.8 walikuwa na angalau tatizo moja kubwa: dhiki kali, sonona kali, wasiwasi mkali, au fikra za kutaka kufa. Ni wengi mno. Sasa sikiliza hili: katika hao wenye matatizo, waliomuona mtaalamu wa afya walikuwa asilimia 12.4 tu.

Hebu itafsiri namba hiyo kwa watu. Wanafunzi wanane wenye maumivu wamekaa pamoja. Mmoja amekwenda kutafuta msaada, saba wamebaki wamekaa. Na hao ni watu waliosoma, wa nchi yenye madaktari, walioweza kujaza hojaji wakaeleza dalili zao moja moja. Dalili walizijua. Mlango hawakuubisha.

Kwa nini? Aibu. Kudhani "yangu si makubwa, kuna wenye shida zaidi." Kuogopa kuandikwa. Na kwa wengine, kutojua tu kwamba huduma ipo.

Tusisahau pia kwamba namba hizi zina tundu lake. Hojaji ya Ufaransa ilitumwa kwa wanafunzi takriban milioni 1.6, na waliojibu ni asilimia 4.3. Je, waliojibu ndio walioumia zaidi, wakaona wapate pa kusemea? Au walioumia zaidi ndio walioshindwa hata kufungua simu? Namba yenyewe haisemi. Ukileta jambo hili kwetu lazidi uzito. Hojaji ikija kwa simu, imemfikia mwenye simu nzuri, mwenye bando, mwenye mtandao. Yule aliyerudi kwao Garsen au Wajir, mtandao ni wa kupanda mlima, hakuhesabiwa. Na kutohesabiwa hakumaanishi kwamba hakuumia.

Tena hapa kwetu kulikuwa na kufuli jingine. Swali la mwisho la PHQ-9 huuliza juu ya fikra za kufa au kujidhuru. Wakati wa korona, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa la kushtakiwa. Nani atajaza ukweli kwenye karatasi ilhali sheria yamtazama hivyo? Mahakama Kuu ilikuja kuamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kabla yake, Julai 2020, jopo kazi lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilikuwa limependekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili. Milango yaanza kufunguka. Yataka watu wa kuingia.

Basi Sisi Tufanyeje?

Korona yenyewe ilitangazwa si dharura tena mwezi Mei 2023. Lakini mwanafunzi yule wa mwaka 2020 leo ni mwalimu, ni mzazi mchanga, au bado atafuta kazi. Na wa leo yuko palepale bwenini. Kwa hivyo jambo hili halikupita na barakoa.

Kwanza, ewe kijana, jifunze kupima uelewa wako mwenyewe kwa njia ya Bi Star. Nakupa hadithi moja. Binti wa mwaka wa pili, hodari wa masomo. Kwa wiki tatu sasa hali vizuri. Alikuwa akicheka, siku hizi akijibu ni kwa neno moja. Daku aamka lakini hali, ajiangalia tu sahani. Mitihani yaja na hajafungua daftari. Asema amechoka, lakini hakufanya kazi yoyote.

Jibu maswali haya kwa ukweli: Huyu ana nini? Ungemwambia nini leo usiku? Ungempeleka kwa nani? Na je, ungekubali kulala naye chumba kimoja, au kumposea ndugu yako?

Kama jibu lako la kwanza ni "mvivu" au "ana jini" bila ya kuuliza zaidi, basi uko kwenye ngazi ya chini. Kama ulijua jina la ugonjwa lakini swali la tatu likakushinda, wewe ni kama wale saba wa Ufaransa. Na kama la mwisho limekukwama kooni, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Dua ni dua na haina mbadala, lakini hakuna anayemvunjika mguu mwanawe akamsomea tu asimpeleke hospitali.

Pili, viongozi wa vyama vya wanafunzi. Mkiandaa mhadhara juu ya afya ya akili, msihesabu viti vilivyojaa. Kumbukeni ule mji wa Kanada. Ulizeni maswali machache kabla ya mhadhara na yaleyale wiki chache baadaye, kwa karatasi zisizo na majina, kwa Kiswahili cha watu. Wala msiulize dalili za mtu kama hamna mshauri aliye tayari kumpokea siku hiyohiyo. Kumfunua mtu jeraha kisha ukamwacha hivyo si haki.

Tatu, wazazi wetu wapendwa. Mwana akirudi kutoka chuo amebadilika, msianze na "umeharibika". Anzeni na "mwanangu, mawazo yamekuzidi?" Kisha nyamazeni, msikilize. Na kama mwamuogopea kwamba ataka kujidhuru, muulizeni waziwazi. Wataalamu wamelichunguza hili: kumuuliza mtu hakumtii fikra hiyo kichwani, bali humpa pa kupumulia.

Milango ipo. Ofisi ya ushauri nasaha ya chuo ni ya kwanza. Hospitali ya kaunti ni ya pili. Wakati wa janga Msalaba Mwekundu wa Kenya uliwapokea watu kwa ushauri kupitia nambari 1199, bila malipo. Waandike wanao hizo nambari ukutani pamoja na ya zima moto.

Ndugu msomaji, miaka zaidi ya 70 ya kupima yatuambia neno moja: uelewa usiofika miguuni ukamfanya mtu aende, bado haujawa uelewa. Usiku huu, baada ya kufuturu, mtafute yule rafiki aliyenyamaza siku hizi. Mpigie simu, na akikwambia "niko sawa tu", usikate. Muulize mara ya pili.

Twamuomba Mola atupe afya ya miili na nafsi zetu, na awaponye wanaoumia kimya kimya. Ramadhan Kareem.